Zawadi ya samaki: uliza kwanza nani ataishi na nani

Jumamosi alasiri, mama mmoja wa Dar es Salaam alitoka dukani akiwa na tangi la kioo la futi 2, mfuko wa kokoto, kichujio kidogo na mifuko mitano ya plastiki iliyojaa maji na samaki. Binti yake wa miaka 8 alikuwa amefanya vizuri mitihani ya muhula, na samaki ndiyo zawadi aliyoahidiwa.

Kuchagua kulichukua dakika kumi. Mtoto alinyoosha kidole, muuzaji akachota. Gapi wanne kwa sababu ya mikia yao ya rangi. Tetra wa neoni sita kwa sababu wanang'aa. Samaki wawili wa manjano wa Ziwa Nyasa kwa sababu mama alifurahi kusikia kwamba ni wa nyumbani. Anjelfishi mmoja, mpana kama kiganja cha mtoto, kwa sababu alikuwa mzuri kuliko wote. Mwishoni muuzaji akaongeza pleko mdogo mweusi. "Huyu mchukue, mama. Ndiye atakayekufagilia tangi."

Jioni ile ile tangi lilijazwa maji ya bomba na samaki wakaingizwa. Jumatatu, mikia ya gapi wawili ilikuwa imechanika. Jumatano asubuhi tetra walihesabiwa wakawa wanne, na wale wawili hawakuonekana hata baada ya kokoto kufukuliwa. Alhamisi karibu wote walikuwa juu ya maji wakihema kwa midomo. Ijumaa walibaki wawili tu, pleko na mmoja wa wale wa manjano.

Mtoto hakulia. Alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza, "Mama, ni mimi niliyewaua? Jana niliwapa chakula mara tatu."

Swali hilo huulizwa katika nyumba nyingi zinazoanza kufuga samaki. Mzazi anayelisikia hutamani kukimbilia dukani mtoto akiwa shule, anunue wengine wanaofanana, aseme wamepona. Kabla ya kufika huko, ni vizuri kujua samaki wale waliuawa na nini, kwa kuwa makosa yenyewe yanaweza kuepukwa na mtu yeyote mwenye subira na maswali manne.

Wapangaji wasiofanana

Kosa la kwanza lilikuwa kuwaweka pamoja samaki wasioweza kuishi pamoja. La pili lilikuwa kuwaingiza wote siku moja kwenye maji mapya. Chakula kingi kilizidisha tatizo, ila hakikulianzisha.

Tangi ni chumba kisicho na mlango. Porini, samaki anayefukuzwa hukimbia akajificha upande wa pili wa mto. Ndani ya futi 2 za kioo hana pa kwenda, na anayemfukuza humwona saa 24. Kwa hiyo kazi ya mzazi ni ile ya mwenye nyumba anayepangisha vyumba: kujua nani anakuja, ana tabia gani na ataelewana vipi na waliomtangulia.

Maswali manne yaulizwe kabla ya pochi kufunguliwa.

1. Akikomaa atakuwa mkubwa kiasi gani?

Karibu samaki wote wa dukani ni watoto. Urefu unaouona kwenye mfuko hauna maana; ulizia urefu wake akikomaa.

Pleko wa kawaida huuzwa akiwa na sentimita 5, naye anaweza kupita sentimita 30. Oska, ndugu wa mbali wa sato na perege, huuzwa akiwa mdogo wa kupendeza lakini hufika sentimita 30 hivi na hula kila kinachoingia mdomoni. Samaki wa dhahabu, anayeonyeshwa kwenye filamu akizunguka ndani ya bakuli, hufika sentimita 15 hadi 30, huchafua maji sana na hupenda maji ya baridi kuliko gapi na tetra. Bakuli halimfai, wala tangi la futi 2.

Kanuni ya pili inaendana na hiyo: samaki hula samaki anayeenea mdomoni mwake. Hafanyi hivyo kwa ubaya, ndivyo alivyoumbwa. Tetra wa neoni ana sentimita 3 hadi 4 na ni mwembamba. Mtoni kwao, anjelfishi huwala samaki wadogo kama yeye. Tetra wawili waliopotea Jumatano hawakuruka nje ya tangi.

2. Ana tabia gani?

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu tabia haionekani dukani, ambako samaki hukaa kwa siku chache wakiwa wamesongamana na kuogopa.

Wapo wanaoishi kwa kundi. Tetra, zebra danio, rasbora na kambare wadogo waitwao koridora hujisikia salama wakiwa wengi. Mmoja au wawili hujificha, hukosa hamu ya kula na hudhoofika. Anza na sita wa aina moja, wakiwa wanane ni bora zaidi. Mtoto atakayetaka "mmoja mmoja wa kila aina" aelezwe kwamba atapata tangi lenye samaki wapweke.

Wapo wanaotaka kuwa peke yao. Dume la beta, samaki wa asili ya Thailand ambako mwaka 2019 alitangazwa kuwa mnyama wa taifa wa majini, hupigana na dume mwenzake hadi mmoja aumie au afe. Madume wawili wasiwekwe pamoja kamwe. Beta pia huweza kumdhania gapi mwenye mkia mrefu kuwa ni beta mwingine na kumshambulia.

Wapo wanaotafuna mapezi. Tiger barb, mwenye mistari myeusi, ni maarufu kwa hilo. Akiwa katika kundi la wanane au zaidi, ugomvi mwingi hubaki kati yao wenyewe, lakini bado asiwekwe na gapi, beta au anjelfishi, ambao mapezi yao marefu humvutia kama utepe.

Na wapo wanaozaana bila ruhusa. Gapi, plati na moli hawatagi mayai, wanazaa watoto wanaoogelea papo hapo. Jike la gapi huzaa kila baada ya wiki 4 hivi, na anaweza kutunza mbegu za dume kwa miezi. Jike aliyechotwa kwenye tangi lenye madume huja nyumbani akiwa tayari na mimba. Familia isiyotaka watoto wa samaki kila mwezi ichague madume tu. Dume la gapi ni rahisi kumtambua: ni mdogo, ana rangi nyingi na mkia mpana, wakati jike ni mnene na rangi zake zimefifia.

Angalia pia kila mmoja anaishi wapi ndani ya maji. Danio hupenda juu, tetra katikati, koridora chini. Wakigawana hivyo hawasukumani, na tangi huonekana limejaa hata likiwa na samaki wachache.

3. Ametoka kwenye maji ya aina gani?

Maji hayafanani. Kuna maji laini, yenye madini kidogo, na kuna maji magumu, yenye madini mengi. Tetra wa neoni asili yake ni mito ya Amazon yenye maji laini na asidi kidogo. Plati na moli asili yao ni Mexico na nchi jirani, nao hupenda maji magumu. Gapi huvumilia mengi lakini hustawi kwenye maji magumu.

Mzazi hahitaji maabara kuanza kujua maji yake. Atazame birika. Kama linaacha ukoko mweupe chini, na sabuni ya kufulia inasumbua kutoa povu, maji ya nyumba hiyo ni magumu, kama yalivyo maji ya visima vingi vya pwani. Hapo gapi, plati na moli watafurahi, na tetra wa neoni atateseka. Kama birika ni safi na sabuni inatoa povu haraka, maji ni laini, na mambo yanageuka. Maji ya kisima yenye chumvi inayosikika mdomoni yasitumike kwa samaki hawa bila ushauri.

Ni rahisi zaidi kuchagua samaki anayependa maji yaliyopo kuliko kupambana kila wiki kuyabadilisha maji yampende samaki.

4. Anataka joto kiasi gani?

Samaki hana joto lake mwenyewe, hupata joto la maji. Kipimajoto cha tangi ni kifaa cha bei ndogo, na kitundikwe kwa siku kadhaa kabla ya kununua samaki yeyote. Kisomwe mara mbili, alfajiri na saa nane mchana.

Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar au Mombasa, maji ya sebuleni hufika nyuzi 29 au 30 wakati wa joto. Hita haihitajiki. Shida ni joto kuzidi: tetra wa neoni hupenda nyuzi 21 hadi 26, na maji ya moto hubeba hewa kidogo. Gapi na beta huvumilia zaidi. Feni inayopuliza juu ya maji hupunguza nyuzi moja au mbili, na tangi lisikae kwenye dirisha lenye jua.

Arusha, Mbeya, Iringa, Nairobi au Eldoret, usiku wa Juni na Julai maji hushuka chini ya nyuzi 20. Hapo gapi na tetra wanahitaji hita, lakini zebra danio anaridhika na nyuzi 18 hadi 24, na kwa nyumba nyingi hatahitaji kitu.

Samaki wa maziwa yetu

Wale wawili wa manjano wanastahili maelezo yao, kwa sababu ndio wanaowapoteza wazazi wa Afrika Mashariki. Mtu hujiambia kwamba samaki wa hapa atakuwa rahisi kufuga hapa.

Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika yana mamia ya spishi za samaki wa jamii moja na sato na perege ambazo hazipatikani kwingine duniani. Uzuri wao umewafikisha kwenye matangi ya Ulaya, Marekani na Asia, na jina mbuna, wanaloitwa samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, hutumika na wafugaji duniani kote.

Lakini maziwa hayo yana maji magumu yenye ubesi, na Tanganyika hupita pH 8.6. Hayo ni kinyume cha maji ya neoni. Pia mbuna hulinda eneo. Dume huchagua jiwe lake na kumfukuza kila anayekaribia, mchana kutwa. Aliyewahi kumwona perege akilinda kiota chake bwawani anaijua tabia hiyo. Ndani ya futi 2, eneo la mbuna mmoja ni tangi zima.

Mbuna wengi hula mwani wanaoukwangua kwenye miamba, na chakula chenye nyama nyingi huweza kuwavimbisha matumbo. Kwa hiyo hata chakula chao si kile cha anjelfishi.

Ni samaki wa kujivunia, wenye thamani ya tangi lao wenyewe la lita 200 au zaidi, lenye mawe mengi yaliyopangwa imara na samaki wenzao wa ziwa hilo. Iwe ndoto ya mwaka wa pili au wa tatu, baada ya familia kuzoea kazi.

Hesabu ya tangi

Mpe mtoto rula. Zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 40 ni lita 72. Toa nafasi ya kokoto na ile inayobaki wazi juu, unabaki na lita 60 hivi.

Kwa samaki wadogo, kipimo cha kuanzia ni lita moja na nusu hadi mbili kwa kila sentimita moja ya samaki aliyekomaa. Lita 60 hubeba sentimita 30 hadi 40. Kipimo hiki hakifai kwa samaki wakubwa: oska mmoja wa sentimita 30 hawezi kuishi mahali wanapoishi gapi kumi wa sentimita 3, maana yeye ni mnene, hula zaidi na huchafua mara nyingi zaidi.

Samaki wa ile Jumamosi walikuwa 14. Kwa urefu wao wa ukubwani walikaribia sentimita 100, ndani ya lita 60.

Hesabu nyingine ni ya uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukiongeza kioo na kokoto, tangi dogo hilo linapita kilo 80. Stuli ya televisheni haitoshi. Meza iwe imara na imesimama sawasawa, na pasiwe na kitu cha kupandia karibu ikiwa nyumba ina mtoto mdogo.

Makundi ya kuanzia

Pwani, maji magumu, bila hita, tangi la futi 2: gapi madume 6 na plati madume 3. Ni wachangamfu, wana rangi, hawagombani kupita kiasi na hawatazaliana.

Nyanda za juu, bila hita, tangi la futi 2: zebra danio 8. Si wa bei kubwa, ni wagumu kuugua na hawatulii, jambo ambalo watoto hulipenda. Tangi liwe na mfuniko kwa kuwa huruka.

Nyanda za juu, maji laini, pamoja na hita, tangi la futi 3 lenye lita 100 au zaidi: tetra wa neoni 10 na koridora 6. Chini kuwe na mchanga laini badala ya kokoto zenye ncha, maana koridora hutafuta chakula kwa kusugua sharubu zao chini.

Nyumba yenye nafasi ndogo: beta dume mmoja, peke yake, katika lita 20 au zaidi, na hita kama ni mahali pa baridi. Huvuta hewa juu ya maji, hivyo acha nafasi kati ya maji na mfuniko. Ataijua sura ya anayemlisha na kumfuata kwenye kioo.

Hakuna hata kundi moja lenye "mfagiaji". Samaki hawasafishi tangi. Pleko hula mwani kidogo na kutoa uchafu mwingi. Anayesafisha ni binadamu.

Wiki za kusubiri

Hili ndilo kosa la pili la ile Jumamosi, na ndilo lililoua wengi.

Uchafu wa samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, sumu inayounguza matamvua. Ndani ya kichujio kilichozoea, aina fulani ya bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali huo na hupungua maji yanapobadilishwa. Bakteria hawa hawaji na maji ya bomba. Huchukua wiki 4 hadi 6 kujijenga kwenye sponji ya kichujio.

Tangi jipya lina maji yanayong'aa lakini halina bakteria hao. Samaki 14 wakiingizwa siku ya kwanza, amonia hupanda kila saa. Wale waliokuwa wakihema juu ya maji Alhamisi walikuwa wanaungua ndani.

Njia ni hii. Jaza maji, washa kichujio, na kila siku tia punje kidogo za chakula cha samaki ingawa hamna samaki. Chakula kikioza hutoa amonia ya kuwalisha bakteria. Kichujio kisizimwe. Mwenye rafiki anayefuga samaki wenye afya aombe kipande cha sponji yake iliyotumika, kitafupisha safari. Vipimo vya maji vikionyesha amonia na nitriti ni sifuri, tangi liko tayari.

Maji ya bomba yana dawa ya klorini, inayoua bakteria na kudhuru samaki. Yaachwe kwenye ndoo wazi kwa saa 24, au yatiwe dawa ya kuondoa klorini inayouzwa na wauza samaki.

Wiki hizo tano ni ndefu kwa mtoto. Mpe daftari. Aandike joto la asubuhi na la mchana, achore tangi, apange mawe, aandike majina ya samaki anaowataka na mbele ya kila jina ajibu yale maswali manne. Akikuta jina linagombana na lingine, alikate mwenyewe.

Siku ya kuwaleta, na baada yake

Leta wachache kwanza, watatu au wanne, na ongeza wengine baada ya wiki mbili. Wale wa kundi waje sita pamoja, kabla ya aina nyingine. Dukani usichukue samaki kwenye tangi lenye maiti, au mwenye madoa meupe kama chembe za chumvi, mapezi yaliyobana mwilini au tumbo lililoingia ndani.

Nyumbani, mfuko uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kisha tia kikombe kidogo cha maji ya tangi kila dakika tano, mara nne au tano. Wachote kwa kimia, maji ya mfuko yamwagwe.

Chakula ni mara moja au mbili kwa siku, kiasi kinachokwisha ndani ya dakika mbili. Mtu mmoja awe na jukumu la kulisha, na karatasi ya kuweka alama iwe ukutani, ili shangazi, dada wa kazi na watoto wasilishe kila mmoja kwa zamu yake.

Kila wiki badilisha robo ya maji. Sponji ya kichujio isuuzwe kwenye maji yaliyotolewa tangini. Ukiisuuza bombani umewaua bakteria uliowangoja wiki tano. Chomoa hita na kichujio kabla ya mkono kuingia majini. Waya ushuke chini ya soketi kwanza kisha upande, ili tone la maji lisifuate waya hadi kwenye umeme. Mtoto anawe mikono kwa sabuni akimaliza, na mwenye kidonda asitumbukize mkono.

Umeme ukikatika kwa saa kadhaa, usilishe. Chota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu mara kwa mara ili yapate hewa. Pampu ndogo ya betri ni msaada mkubwa kwa mtaa unaokatiwa mara nyingi.

Asiyefaa apelekwe wapi?

Ukigundua kwamba samaki mmoja hafai, mrudishe dukani au mpe mwenye tangi kubwa. Usimmwage mtoni, ziwani, wala kwenye bwawa la jirani, hata kama inaonekana ni huruma.

Afrika Mashariki ina funzo lake. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Aliongezeka, akawala furu, na mamia ya aina za furu zilipungua sana au kutoweka. Samaki mmoja wa sebuleni anaweza kubeba magonjwa au kuzaana mahali ambapo hakuna wa kumzuia.

Jibu la mtoto

Yule mama wa Dar es Salaam hakwenda dukani kununua wanaofanana. Alikaa sakafuni karibu na binti yake.

"Wewe hukuwaua," alimwambia. "Chakula kilizidi, hilo ni kweli, na tutajifunza kupima. Lakini mimi ndiye niliyenunua bila kuuliza. Niliwaweka pamoja samaki wasioelewana, kwenye maji ambayo hayakuwa tayari."

"Kwa hiyo ni wewe?"

"Ni mimi zaidi."

Mtoto alifikiri kidogo. "Na huyu wa njano?"

Jumamosi iliyofuata walimrudisha pamoja na pleko. Muuzaji aliwapokea bila kurudisha fedha, na mama hakubishana. Samaki waliokufa walizikwa chini ya mchungwa nyuma ya nyumba. Kichujio kiliendelea kuunguruma kwenye tangi tupu, na wageni waliuliza kwa nini maji yanafugwa.

Wiki ya sita, binti alirudi dukani akiwa na daftari. Muuzaji alimwonyesha anjelfishi mpya, mkubwa kuliko wa kwanza. Alimtazama kwa muda mrefu, akafungua ukurasa na kusoma.

"Shikamoo, anko. Huyu ni mzuri, lakini anakula wenzake. Naomba gapi wanne, madume."